Maji ya Ndoo ya Mabaki ya Jikoni: Yanafaa Nini Bustanini?

(Hotuba ya mratibu wa miradi wa dayosisi kwa wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika, Hasamba, wilaya ya Mbozi)



Tumeletewa maombi kutoka sharika kadhaa. Yanafanana. Kamati zinaomba fedha za kununua ndoo zenye bomba na chupa za dawa ya kuchachushia mabaki ya jikoni, ndoo moja kwa kila kaya, ili maji yanayotoka chini ya ndoo yatumike kama mbolea. Wapo walioandika kwamba maji hayo yatachukua nafasi ya mbolea ya dukani katika mashamba ya mahindi. Kabla ya kupeleka maombi hayo kwa wafadhili tumeona ni vema tukae hapa Hasamba, tuyaangalie maji yenyewe, na tuseme wazi yanaweza nini na hayawezi nini. Fedha za mradi ni sadaka za watu, wa hapa na wa mbali, na hatupendi zinunue matumaini yasiyo na miguu.

Tunaelewa hamu hii imetoka wapi. Bei za mbolea zilipopanda duniani mwaka 2021 na 2022, mkulima wa Mbozi aliumia kama wengine wote. Serikali ilileta ruzuku, iliyozinduliwa Mbeya siku ya Nane Nane mwaka 2022, na mfuko wa kilo 50 wa urea au DAP ukashushwa hadi shilingi 70,000. Hata hivyo wengi walibaki na hofu, wakaanza kutafuta njia ya kujitegemea. Hofu hiyo ni ya haki. Tatizo ni kwamba mtu mwenye hofu huuziwa chochote.

Tuanze na njia yenyewe. Inaitwa bokashi, neno la Kijapani. Kuchachusha pumba na mabaki ili kurutubisha shamba ni kazi ya zamani kwa wakulima wa Japani. Katika miaka ya 1980 profesa Teruo Higa wa Chuo Kikuu cha Ryukyus, kisiwani Okinawa, alitengeneza mchanganyiko wa vijidudu uitwao EM, na tangu hapo mchanganyiko huo umeuzwa nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwamo. Unachukua maganda, majani ya mboga, majani ya chai na ugali uliobaki, unavikatakata, unavipanga ndoo kwa tabaka, na juu ya kila tabaka unanyunyiza konzi ya pumba zilizotiwa vijidudu. Unashindilia ili hewa itoke, unafunika kabisa. Ndoo ikijaa unaiacha imefungwa wiki mbili.

Tofauti na mboji ya shimoni ni hii: ndani ya ndoo takataka haziozi. Zinachachuka. Bakteria wanaokula sukari wakiwa wamefungiwa hewa hutoa asidi ya laktiki, na asidi hiyo huwazuia wale wanaoleta uozo. Akina mama hapa hawahitaji kufundishwa jambo hili na mtu mwenye digrii. Anayejua kuchachusha togwa, anayejua maziwa mgando yanavyokaa kwenye kibuyu bila kuharibika, ameshaelewa nusu ya somo. Hata harufu ni hiyo hiyo, ya uchachu. Ukifungua ndoo ukakuta harufu ya mzoga, au ukungu mweusi au wa kijani, hewa imeingia au maji yamejaa. Zika kilichomo mbali na bustani, osha ndoo, anza upya. Ukungu mweupe usikutishe.

Sasa maji. Mabaki yanapochachuka huachia unyevu wake, nao hushuka chini. Yasipotolewa, mabaki ya chini huzama na kuharibika. Ndiyo sababu ndoo huwa na bomba, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuyakamua maji kila baada ya siku mbili au tatu: ni kuokoa kilichomo ndani. Jambo hili wengi hulipindua, wakadhani ndoo ni kiwanda cha maji na takataka ni uchafu unaobaki. Ni kinyume chake. Sehemu kubwa ya chakula cha udongo imebaki katika yale mabaki mazito, ambayo huzikwa shambani. Maji ni kilichodondoka.

Kiasi chake hutegemea ulichotia. Maganda ya matikiti, nyanya na mboga za majani hutoa maji mengi. Maganda ya viazi na ugali mkavu, huenda usipate hata kikombe. Mtu asije akapeleka malalamiko kwa mwinjilisti kwamba ndoo yake ni mbovu.

Ndani ya maji hayo mna asidi, chumvichumvi, potasi, naitrojeni kidogo, na vijidudu. Ukali wake ni kama wa nyanya au maziwa mgando, na pengine zaidi. Kwa hiyo yakimwagwa mabichi kwenye mche, mizizi huungua. Lazima yachanganywe na maji safi, sehemu moja kwa sehemu 100. Kwa kuwa hatuna vipimo vya maabara majumbani, tunapendekeza kumbukumbu hii: kikombe kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20. Kikombe cha chai, ndugu zetu, si kikombe cha uji. Kwa miche michanga punguza iwe nusu kikombe. Mwagia kwenye udongo wenye unyevu, kando ya shina, asubuhi au jioni, mara moja kwa wiki au kwa wiki mbili. Usinyunyizie majani ya mboga, hasa ile inayoliwa mbichi, maana maji haya yametoka kwenye takataka za chakula na hakuna aliyeyachemsha.

Yatumie siku hiyo hiyo uliyokamua, au kesho yake. Mtu akiyaweka kwenye chupa ya soda na kuifunga kwa nguvu, gesi hujaa na chupa inaweza kupasuka. Kubwa zaidi, rangi yake ni ya hudhurungi kama juisi ya ukwaju, na mtoto mwenye kiu haulizi. Katika nyumba yenye watoto tunasisitiza yasikae kabisa katika chupa ya kinywaji. Yakizidi, yamwagwe chooni. Wengi wanaotumia njia hii hufanya hivyo na husema harufu hupungua.

Tufike kwenye hesabu, maana hapa ndipo maombi yetu yalipopotea njia.

Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Tuseme kwa ukarimu kwamba lita moja ya maji ya ndoo ina gramu 2 za naitrojeni. Kuifikia mifuko hiyo, tena mfuko mmoja tu, mngehitaji lita 11,500. Kaya inayokamua lita moja kwa wiki hupata lita 52 kwa mwaka. Gawanyeni wenyewe: ni zaidi ya miaka 200 kwa mfuko mmoja. Kwa hiyo kamati yoyote iliyoandika kwamba maji haya yatachukua nafasi ya mbolea ya mahindi tunaomba iifute sentensi hiyo kabla mfadhili hajaisoma, na kabla mkulima hajaiamini, maana mfadhili atapoteza fedha lakini mkulima atapoteza msimu.

Geuzeni sasa hesabu hiyo hiyo upande wa bustani. Lita moja kwa wiki, ikichanganywa sehemu 100, ni ndoo tano za lita 20. Tuta la mita moja kwa tano hutosheka na ndoo moja hivi. Hayo ni matuta matano kwa wiki, ya mchicha, chainizi, sukuma wiki, vitunguu. Huo ni ukubwa wa bustani ya mama nyumbani. Tena huku kwetu mvua hukoma Aprili au Mei na kurudi Novemba, na katika miezi hiyo ya kiangazi bustani hunyeshewa kwa ndoo hata hivyo. Kuongeza kikombe kwenye ndoo ambayo ingebebwa kwa vyovyote si kazi mpya. Mboga hupata nyongeza kidogo kila wiki. Hatusemi zinashiba, kitakachozishibisha ni samadi, mboji, na yale mabaki mazito ya ndoo yaliyofukiwa.

Mabaki hayo yafukieni kina cha sentimita 20 hadi 30, changanyeni na udongo, na subirini wiki mbili kabla ya kupanda, kwa kuwa bado ni machachu. Msiweke nyama wala mifupa. Wenye vitabu husema inawezekana, lakini walioandika vitabu hivyo hawakuwa na mbwa wa Hasamba.

Kuna tahadhari mbili za udongo. Kwanza, mabaki ya chakula kilichopikwa yana chumvi, na chumvi hiyo hushuka na maji. Wakati wa mvua husafishwa, kiangazi hukaa. Basi msimwagie tuta moja kila siku mkidhani mnalipenda. Pili, sehemu nyingi za nyanda za juu kusini zina udongo wenye tindikali tayari, na mbolea za viwandani za miaka mingi zimeongeza. Kikombe kimoja katika lita 20 hakitaleta madhara makubwa, lakini wasidanganywe watu kwamba maji machachu yanaponya udongo mchachu. Panapohitajika chokaa ya kilimo, inayohitajika ni chokaa, na kwanza udongo upimwe. Kamati inayotaka kujua hali ya mashamba yake izungumze na bwana shamba wa kata juu ya kupeleka sampuli. Taifa lina kituo cha utafiti wa udongo huko Mlingano, Tanga, na kwa mambo ya mazao ya kanda hii tunao jirani zetu wa TARI Uyole, Mbeya.

Vilevile tumesikia ikisemwa kwamba maji haya yanaua wadudu na kuponya mnyauko wa nyanya. Dayosisi haitaweka ahadi hiyo kwenye andiko lolote la mradi.

Tuje kwenye dawa ya kuchachushia, maana katika maombi mliyoleta hiyo ndiyo gharama inayorudi kila mwezi. Je, ni lazima iwe ya chupa, kutoka mbali? Watafiti wa Uswisi walifanya jaribio la shambani karibu na Zürich kwa miaka 4, kuanzia 2003 hadi 2006, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Walilinganisha EM yenye vijidudu hai na EM iliyouawa vijidudu vyake kwa joto. Walichokiona ni kwamba faida ndogo iliyopatikana ilitokana na virutubisho vya bokashi yenyewe na si vijidudu hai vilivyoongezwa. Uswisi si Mbozi, na baridi yao si yetu. Lakini kwa mtu anayeombwa alipie chupa kila mwezi, ni neno la kutafakari.

Kazi ya vijidudu ndani ya ndoo ni kuchachusha, na wa kuchachusha wapo jikoni. Chukua maji ya kwanza ya kuoshea mchele, uwe wa Kamsamba au wa Kyela. Yaache siku mbili au tatu kwenye chombo kilichofunikwa kitambaa hadi yanukie uchachu. Changanya sehemu moja ya maji hayo na sehemu kumi za maziwa mabichi, acha tena kama wiki moja. Mafuta na jibini hupanda juu. Chini hubaki maji ya rangi ya njano. Hayo ndiyo unayoyachuja. Yachanganye na maji na sukari kidogo, nyunyizia pumba za mahindi mpaka ukizifumbata zishikane bila kudondosha, zishindilie kwenye mfuko usioingiza hewa wiki mbili, kisha zianike kivulini. Juni na Julai, baridi ya uwanda huu ikikaza, ongezeni siku. Uchachu hautaki haraka kwenye baridi. Njia hii ilienezwa sana na wakulima wa Korea, lakini tunashuku bibi zetu wangeicheka kwa kuwa rahisi mno.

Ndoo yenye bomba nayo si lazima. Ndoo mbili za mafuta ya kula, moja ikitumbukia ndani ya nyingine, ya juu ikiwa imetobolewa matundu chini kwa msumari wa moto, na kifuniko kinachobana. Ukitaka maji unainua ya juu. Tusipendelee ndoo zilizokuwa na rangi ya nyumba, achilia mbali zilizobeba dawa za kahawa.

Sasa tunafika kwenye swali ambalo hatukuliona katika ombi hata moja. Mabaki yenyewe yako wapi?

Tembeleeni nyumba za Hasamba jioni. Ugali uliobaki, kuku wameshamaliza. Maganda ya ndizi na viazi, nguruwe au mbuzi amekula. Kilichobaki ni majivu. Kaya yenye nguruwe wawili ina kiwanda chake cha samadi, na samadi hiyo ni mbolea bora kuliko maji ya ndoo kwa kipimo chochote. Hata pumba tunazotaka kuzitia vijidudu, kuku wanazidai. Ukiipa kaya hiyo ndoo ya mradi, tutaikuta mwaka ujao imebeba maji ya kisima. Hakuna wa kulaumiwa hapo. Mama atakuwa amefanya uamuzi wa busara kuliko wetu.

Mabaki mengi yako kwingine. Yako katika shule za bweni, ambako maganda na makombo hutupwa kila siku. Yako kwa mama lishe wa Vwawa na Mlowo, na hasa Tunduma, ambako madereva wa malori hukaa wakisubiri kuvuka mpaka na mji mzima hupika kwa ajili yao. Yako sokoni, kwenye marundo ya kabichi na nyanya zilizooza nusu. Huko takataka ni tatizo, si chakula cha kuku, na huko maji ya ndoo yanaweza kutoka lita nyingi kwa siku. Wafugaji wa nguruwe huchukua sehemu ya makombo hayo, nasi hatutaki kuwapokonya. Ila makombo yenye vipande vya nyama ya nguruwe yasipewe nguruwe mabichi. Homa ya nguruwe ya Afrika imewahi kuwamaliza wanyama katika nyanda hizi, na virusi vyake huishi katika nyama iliyobaki. Kuchachusha kusitegemewe kuviua. Makombo hayo yachemshwe vizuri, au yafukiwe chini kabisa mbali na banda.

Na kwa kuwa tuko Mbozi, mtauliza maganda ya kahawa. Ni mengi. Lakini maji yanayotoka kwenye kahawa iliyokobolewa ni jambo jingine. Yakiingia kijitoni huondoa hewa ya maji na kuua viumbe, na watu wa chini wanayanywa. Maganda yenyewe yakirundikwa na samadi na majani hutoa mboji nzuri. Hilo linastahili siku yake.

Kwa upande wa dayosisi, basi, tunapendekeza hivi. Ombi la ndoo kwa kila kaya hatutalipeleka kwa wafadhili kama lilivyo. Tutapeleka ombi dogo zaidi: usharika wowote wenye shule ya bweni, au wenye kikundi cha mama lishe kilicho tayari, uanze na mapipa machache mahali pamoja, wapishi wafundishwe kutenganisha mabaki, na bustani iwe hapo hapo ili maji yasisafiri. Kikundi kipande matuta mawili ya mchicha yanayofanana, kimwagie moja maji ya ndoo yaliyochanganywa na jingine maji matupu, na kupima kwa mizani kila mavuno, kwa msimu mmoja wa kiangazi. Tofauti ikiwa ndogo iandikwe ndogo. Wafadhili wanaosoma ukurasa huu, tunaamini mtapendelea daftari la kilo za mchicha kuliko picha ya watu mia wameshika ndoo mpya.

Akina mama wanaotaka kujaribu nyumbani wasisubiri fedha. Ndoo mbili, maji ya mchele na maziwa vinapatikana, na parishi weka wa usharika atafuatana nao nyumbani kuwaonyesha.

Imeulizwa pia kama fedha zilizotengwa kwa ndoo zinaweza kuhamishiwa kwenye mabanda ya mbuzi wa kikundi. Mwenye kubadili bajeti ni mfadhili pamoja na kamati kuu ya miradi, si sisi wa meza hii. Lakini barua ikiandikwa leo, ikasainiwa na mwenyekiti, katibu na mchungaji wa usharika, tutaibeba wenyewe.

Nje, chini ya mparachichi, tumeweka ndoo iliyochachuka wiki tatu. Mtaikamua, mtainusa, na mtachanganya ndoo moja ya lita 20 kwa ajili ya matuta ya mchungaji. Kikombe cha chai kimeshawekwa mezani. Yule mzee wa kanisa aliyekuja na kikombe cha uji tunamwomba akirudishe jikoni.